Mlima Hauanzi Kileleni

Kwa miaka mingi nilipokuwa nikifundisha Jiografia katika shule ya sekondari, swali la kwanza la mtihani wangu wa muhula wa pili halikubadilika. Niliorodhesha milima sita, nikamtaka mwanafunzi aandike urefu wa kila mmoja. Kilimanjaro mita 5895, Meru mita 4566, Hanang mita 3420, na kadhalika. Lilikuwa swali jepesi kusahihisha, na wanafunzi walilipenda kwa sababu alama zake zilipatikana kwa kukariri tu. Leo nasema bila kificho kwamba swali lile lilikuwa baya, na kwamba sisi walimu tunaolipenda tunawazoeza vijana wetu kuutazama mlima kutoka mahali pasipokaliwa na mtu. Kileleni hakuna nyumba, wala shamba, wala kisima. Watu wanaishi mbavuni mwa mlima na chini yake, na huko ndiko mlima unakowafikia.

Fikira hizo ziliniingia nikiwa njiani katika kisiwa cha Ngazija, nilipopanda mlima Karthala pamoja na walimu wenzangu watatu. Ngazija ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro. Kina urefu wa kilometa 60 hivi na upana wa kilometa 20 hivi, nacho chote, tangu ufukoni hadi juu, ni kazi ya volkeno. Karthala, ambayo ingali hai, imeripuka zaidi ya mara 20 tangu karne ya 19. Urefu wake ni mita 2361. Kwa mtu aliyezoea habari za Kilimanjaro namba hiyo haitishi, na wawili katika wenzangu, ambao walikwisha kufika Uhuru, walikesha wakiicheka. Asubuhi yake, kabla ya saa nne, kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwenye kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanza kutembea akiwa tayari yuko kiasi cha mita 1900 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa gari limekwisha mfanyia sehemu ya kazi. Karthala huanza karibu na bahari yenyewe, na mpandaji hulipa kila mita kwa magoti yake. Hilo ni jambo dogo, lakini ni kosa la kwanza la namba za vilele: hazisemi mtu ameanzia wapi.

Aliyetuongoza alikuwa mkulima mtu mzima wa huko huko mlimani. Aliniita "fundi" tangu salamu ya kwanza, nami kwa muda nilidhani amenifananisha na seremala, mpaka nikafahamishwa kwamba katika Kingazija fundi ni mwalimu. Sisi tulimwita mzee wetu. Nilikuwa na kipimajoto, barometa ndogo ya mfukoni na daftari; yeye alikuwa na panga na dumu la lita 10 la maji, na kabla ya kuondoka alikagua vyombo vyetu vyote vya maji kwa uangalifu ambao sikuuelewa wakati ule.

Njia tuliyoifuata huanzia Mvuni, kijiji kilichoko juu ya mji wa Moroni. Kutoka hapo mtu mwenye miguu mizuri hutumia kati ya saa sita na nane kufika ukingoni mwa kasoko, na walio wengi hulala huko juu usiku mmoja. Saa za kwanza ni za mashambani. Minazi inabaki nyuma, inafuata migomba na mihogo, na vanila inayotambaa juu ya miti mingine, na milangilangi iliyokatwa ikafanywa mifupi ili maua yake, yanayotengenezewa manukato, yafikiwe kwa mkono. Baadaye migomba na magimbi yanaingia ndani ya msitu, kwa maana wakulima hufyeka vichaka vya chini na kuiacha miti mikubwa isimame, na mgeni hawezi kusema kwa yakini shamba limeishia wapi na msitu umeanzia wapi. Ardhi nzuri ya chini ilichukuliwa na kampuni ya kikoloni tangu zama za Léon Humblot, Mfaransa aliyekuja mwaka 1884 kukusanya mimea na kuishia kumiliki sehemu kubwa ya kisiwa. Wananchi walibanwa. Kwa hiyo njia ya Karthala, ambayo mpanda mlima huiona kuwa ya matembezi, imekanyagwa na watu waliokuwa wakitafuta mahali pa kulima.

Kisha msitu wenyewe, wenye ukungu na unyevu, na mimea midogo inayoning'inia matawini kama ndevu. Humu anaishi bundi mdogo ambaye hajulikani kuwako mahali pengine popote duniani isipokuwa katika mlima huu; wanasayansi hawakumtambua mpaka ilipofika mwaka 1958, na maelezo yake yakaandikwa mwaka 1960. Tulimsikia usiku, hatukumwona. Juu ya kiasi cha mita 1800 miti mikubwa inakoma na vichaka vya erika vinashika nafasi, na katika vichaka hivyo anaruka ndege mwingine wa Karthala peke yake, mdogo, mwenye duara jeupe kulizunguka jicho. Wachungaji huwasha moto huko ili majani mabichi yaote, na kila moto unampunguzia ndege huyo makazi ambayo hana pa kuyapata kwingine. Mwanafunzi anayetaka kufahamu kwa nini viumbe wa visiwani hutoweka upesi hana haja ya kurasa nyingi. Atazame kwamba mbele ya ndege huyo kuna kasoko, na nyuma yake kuna shamba.

Nilipima joto na kanieneo ya hewa kila baada ya saa moja. Vitabu hufundisha kwamba joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1000 za kupanda, na daftari langu lilikubaliana na vitabu kwa ujumla, ila tulipokuwa ndani ya mawingu joto lilishuka polepole zaidi. Mwalimu wa Fizikia katika msafara wetu alifurahi mno: mvuke unapogeuka kuwa matone hutoa joto, na hilo ndilo tulilokuwa tukilipima bila kulikusudia. Huko juu kanieneo ilikuwa zaidi kidogo ya robo tatu ya ile ya pwani, na maji yalichemka yakiwa na nyuzi 92 hivi. Maharage tuliyoyabeba hayakuiva. Tuliyachemsha kwa saa tatu, tukayala yakigongana kinywani, na nadhani hakuna mmoja wetu atakayesahau uhusiano wa kanieneo na kuchemka.

Lakini jambo lililonigeuza mawazo lilikuwa maji. Katika njia nzima hatukuvuka kijito hata kimoja. Mbavu za Karthala hupata mvua nyingi sana, hasa upande wa magharibi, na bado kisiwa chote cha Ngazija hakina mto wa kudumu. Sababu yake ni ujana wa miamba. Lava iliyoganda haijapata muda wa kuoza na kuwa udongo mzito. Imejaa nyufa na vitundu, na mvua huzama humo kama maji yaliyomwagwa katika kapu, ikaenda chini kwa chini mpaka baharini. Visima vya pwani hutoa maji yenye chumvi chumvi. Kwa hiyo vijiji vingi vya Ngazija vimeishi kwa birika: matangi ya saruji au mawe yanayopokea maji ya mvua kutoka mapaa ya nyumba. Mzee wetu alipokagua vyombo vyetu asubuhi ile alikuwa akitufundisha Jiolojia ya kisiwa chake, nasi tulidhani anatuchelewesha.

Tulifika ukingoni jioni. Wenzangu waliokuwa wakingoja kilele walifadhaika kidogo, kwa sababu Karthala haina ncha. Kilichoko juu ni shimo. Ni kaldera yenye upana wa kilometa 3 kwa 4 hivi, iliyotokea kwa kudidimia kwa kichwa cha mlima, na ndani yake mna makasoko mengine, kubwa likiwa Chahale. Hizo mita 2361 ni za sehemu ya ukingo iliyobahatika kubaki juu. Tulitazama chini, kwenye sakafu nyeusi ya mawe yaliyoganda, na mzee akatueleza kuwa yeye aliwahi kuona maji mle ndani.

Maneno yake ni ya kweli, na yanathibitishwa na kumbukumbu za wanasayansi. Mwezi wa Julai 1991 mvuke uliripuka Chahale, na baadaye ziwa likakaa katika kasoko hilo. Kisiwa kisicho na mto kikawa na ziwa juu ya kichwa chake. Miaka 14 baadaye, Aprili 2005, magma ilipanda na kulikuta maji. Maji yanapogeuka ghafla kuwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1600 ya ile yaliyokuwa nayo, na mwamba unaoyazuia husagwa kuwa vumbi. Volkeno ambayo kwa desturi yake hutoa lava ikatoa majivu, na maelfu ya watu wa vijiji vya mbavuni wakakimbia. Novemba mwaka huo huo ikarudia tena, na majivu yakaanguka juu ya mapaa ya sehemu kubwa ya kisiwa. Msomaji ameshafahamu yaliyofuata. Paa ndilo chanzo cha maji ya kunywa. Majivu yakaingia katika mabirika, maji yakawa hayanyweki, na ikabidi watu wengi wagawiwe maji kwa msaada wa serikali na mashirika ya nje. Lava haikufika katika kijiji hata kimoja.

Balaa hilo halikwisha majivu yalipokoma. Tabaka la majivu mororo lililolala juu ya mlima liliziba vile vitundu na nyufa nilizozitaja, na mvua ambayo zamani ilizama ikaanza kuteremka juu kwa juu, ikibeba matope na mawe. Mafuriko ya Aprili 2012 yaliuumiza vibaya mji wa Vuvuni, ulioko chini ya mlima upande wa magharibi. Watu waliozoea kulilia maji wakajikuta wanayakimbia. Je, katika mambo haya yote, ni lipi ambalo mwanafunzi angeweza kulikisia kwa kujua kwamba Karthala ina mita 2361?

Sasa nirudi nyuma hadi mwaka 1977, ambao naona unastahili kufundishwa katika kila darasa la Jiografia katika sehemu hii ya dunia. Tarehe 10 Januari 1977, Nyiragongo, mlima wenye mita 3470 kaskazini ya Goma, ulipasuka mbavuni. Kileleni mwake lilikuwako ziwa la lava iliyoyeyuka. Nyufa zilipofunguka chini, ziwa lote lilitoka kwa muda usiofika saa moja, kama tangi la maji lililotobolewa karibu na kitako chake. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kupita kiasi kwa kuwa ina silika kidogo. Ilikwenda kwa mwendo ambao hakuna mtu awezaye kuushinda kwa miguu, na wengi wakafia mashambani na njiani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Aprili, ardhi ilipasuka upande wa kusini-magharibi wa Karthala, chini sana, karibu na kijiji cha Singani. Lava ilipita katikati ya nyumba, ikaendelea hadi baharini. Komoro ilikuwa imepata uhuru wake Julai 1975, haijafika hata miaka miwili, na haikuwa na kituo chochote cha kuichunguza volkeno yake. Watu wa Singani waliokoka kwa sababu mbili: ardhi ilitetemeka kwanza, na lava ya Karthala ni nzito kuliko ile ya Nyiragongo. Mwezi huo huo wa Aprili, katika kisiwa cha Réunion, Piton de la Fournaise nayo ilitoa lava nje ya kuta za asili ambazo kwa kawaida huizuia, ikateketeza nyumba katika kijiji cha Piton-Sainte-Rose. Ilimwagika mpaka mlangoni mwa kanisa, ikaingia kidogo, ikasimama. Wakazi walikuwa wamekwisha kuondolewa, na hakufa mtu.

Yafaa niseme upesi kwamba milima hiyo mitatu haikupelekeana habari. Imeachana kwa mamia na maelfu ya kilometa, na kukutana kwake katika mwaka mmoja ni bahati tu. Lakini yote mitatu ilifanya jambo moja: ilikiacha kilele, ikatokea ubavuni. Magma haina heshima kwa vilele. Hufuata mahali mwamba ulipo dhaifu, na mara nyingi udhaifu huo uko katika nyufa za kando, ambako ndiko udongo mzuri na vijiji viliko. Nyiragongo ilirudia kitendo hicho Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji wa Goma mpaka Ziwa Kivu, na tena Mei 2021, ilipofika kwenye viunga vya mji huo huo.

Msomaji wa Tanzania asidhani kwamba haya ni mambo ya majirani. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mteremko wa Hanang iliporomoka. Matope, mawe na magogo yaliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hanang ni volkeno iliyolala, na siku ile haikuripuka. Ilikuwa imebeba mbavuni mwake udongo wa zamani wa volkeno uliooza na kulainika, mvua ikaujaza maji, na uzito ukashinda mshikamano. Mita 3420. Nimewasahihishia vijana wengi namba hiyo na kuwapa alama zao. Sikuwauliza hata mara moja Katesh iko upande gani wa mlima, wala maji ya mvua yanashukia wapi.

Kuna jambo jingine ambalo njia hufundisha na kilele hakifundishi, nalo ni hewa. Mwaka 1903 watu 17 walikufa Ngazija kwa gesi zilizotoka ardhini. Katika nchi ya Goma, watu wanaosema Kiswahili wamekuwa na jina la hewa ya namna hiyo tangu zamani: mazuku. Ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa tunayovuta kwa kadiri ya mara moja na nusu, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya mabondeni na mashimoni usiku upepo unapotulia, na anayelala humo haamki. Wanasayansi wa dunia wamelichukua neno hilo likaingia katika maandishi yao kama lilivyo. Sijui walimu wangapi wa Kemia huwaambia wanafunzi wao kwamba lugha yao imekwisha kuipa sayansi ya volkeno neno. Sisi tulipotaka kupiga kambi katika kibonde kilichojificha na upepo, mzee wetu alikataa, akatupandisha juu kwenye baridi. Hakutaja kaboni. Alisema tu kuwa pale hapalaliwi, na mwalimu wa Kemia ndiye aliyetoa sababu baadaye, meno yakimgongana.

Maoni yangu basi ni haya. Mlima ufundishwe kuanzia chini. Mwanafunzi aujue kwanza mguu wake: nani anaishi hapo, anakunywa maji gani, udongo wake ni wa umri gani, mvua ikinyesha inapita wapi, lava au matope ya zamani yaliishia wapi. Kisha apande nao polepole, na kilele kije mwisho, kikipatikana. Navionya hasa vyama vya wanafunzi vya kupanda milima, ambavyo fahari yao yote ni picha ya bendera na cheti cha kufika. Nimewaona vijana wakipita juu ya mkondo wa lava wenye umri mdogo kuliko baba zao, bila kutazama chini, kwa kuwa walikuwa wakishindana na saa. Waliporudi hawakuwa na la kusimulia ila uchovu.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza atasema kwamba siku hizi setilaiti hupima mlima ukivimba hata kwa sentimeta, na kwamba Karthala yenyewe ina kituo chake cha uchunguzi tangu mwaka 1988, chini ya taasisi ya taifa ya utafiti ya Komoro. Kwa nini basi tuwasumbue watoto kwa kuwatembeza? Mimi siidharau mitambo. Tofauti kati ya Singani na Piton-Sainte-Rose kwa upande mmoja, na hali ya leo kwa upande wa pili, ni mitambo hiyo. Réunion nayo ilijenga kituo chake mwaka 1979 kwa sababu ya funzo la 1977. Lakini setilaiti haifagii paa. Majivu yakianza kuanguka, kazi ya kuuondoa mfereji wa paa ili mvua ya kwanza isiyaingize katika birika ni ya mtu aliyeko nyumbani, na ataifanya ikiwa tu alikwisha kuelewa kabla ya siku hiyo. Tena mitambo ya mlimani haijipandishi yenyewe. Betri na vyombo vinabebwa na mafundi kwa njia zile zile za wakulima na wachungaji, na njia ikizibwa na vichaka au ikikatwa na korongo, kituo kinanyamaza. Kwa hiyo nadai kwamba utunzaji wa njia za mlima wenye volkeno uhesabiwe kuwa gharama ya sayansi, usiachiwe wageni wa utalii na panga la mkulima mmoja.

Wa pili atauliza fedha ziko wapi. Hapa nakubali kwamba shule nyingi hazina uwezo wa kupeleka darasa Ngazija, wala sizitaki zifanye hivyo. Shule iliyoko Katesh, au Tukuyu chini ya Rungwe, au Arusha chini ya Meru, ina mlima dirishani. Nauli yake ni miguu. Vyombo ni kipimajoto, kamba yenye mafundo ya kupimia mteremko, chupa za kuchukulia udongo, na daftari. Darasa ligawanywe makundi. Kundi moja lifuate njia ya maji kutoka juu ya kijiji hadi chini na kuchora kila mahali panapoonyesha dalili ya maporomoko ya zamani, jingine liwaulize wazee miaka ya mafuriko na mahali yalipofikia, jingine litie udongo wa urefu mbalimbali katika kopo lenye matundu na kupima maji yanapita kwa dakika ngapi. Kazi hiyo hufanyika kwa Jumamosi tatu. Sehemu ya pili ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa wazee hawakubaliani juu ya miaka, na mwanafunzi hana budi kujifunza namna ya kulinganisha ushahidi unaopingana, ustadi ambao mtihani wangu wa zamani haukuugusa kabisa.

Mkuu wa shule atataka kujua habari ya hatari, naye ana haki. Msipande bila mwenyeji. Msilale mabondeni. Mvua ikianza, tokeni katika makorongo kabla ya kujadiliana. Katika volkeno iliyo hai, ulizeni kituo cha uchunguzi siku ile ile mnayoondoka, si wiki iliyopita, na mkiambiwa subirini, subirini.

Nimelifuta swali langu la milima sita. Mahali pake naweka ramani moja yenye mistari ya miinuko, mlima mmoja na vijiji vinne visivyo na majina, na kumwomba mwanafunzi aseme angejenga birika lake katika kijiji kipi, na angelala katika kipi usiku ardhi inapotetemeka. Mara ya kwanza nilipolitoa, nusu ya darasa walichagua kijiji kilichokuwa mbali kabisa na kilele, mdomoni mwa korongo. Tulitumia vipindi viwili kulizungumza jibu hilo, na muhula ujao nakusudia kuwapeleka wakakione kilima chetu wenyewe, mvua za vuli zikishapungua.